Goma: Shofere aliyekataa kuweka dari ndani ya bisi yake

Katika kata ya Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kuna bisi moja ambayo haitembei tena. Imesimama ndani ya parseli, magurudumu yake yamekalishwa juu ya mawe ya volkano, na kamba ya kuanikia nguo imefungwa toka kwenye kioo chake cha pembeni hadi kwenye mti wa avoka. Ndani yake wanalala watu sita: shofere, mke wake na watoto wao wanne.

Shofere huyo alifanya barabara ya Goma–Rutshuru kwa miaka mingi. Bisi ilikuwa mali yake, aliinunua ikiwa imeshatumika, akaimaliza kulipa kidogo kidogo. Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2022, vita vilipofika Rutshuru na Kiwanja, aliijaza watu wa jamaa na majirani, wengine wakibeba mbuzi na magodoro, akateremka nao kupitia Kibumba. Wengine walishukia Kanyaruchinya. Yeye na watu wake walifika hadi Ndosho, kwa ndugu ya mke wake. Wiki chache baadaye injini ikafa.

Nyumba ya huyo ndugu ni ya mbao, vyumba viwili, na ilikuwa imeshajaa watu. Kwa hiyo jamaa ililala ndani ya bisi. Viti vikang'olewa na kupangwa nje chini ya shitingi. Kila bolti ikawekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, ili isipotee siku ya kuvirudisha. "Ni wiki mbili tu," shofere alimwambia mke wake.

Wiki mbili zikawa miezi. Na kila aliyelala ndani ya bisi hiyo alijua shida yake iko wapi: iko juu.

Kitambaa cha dari kilichotoka kiwandani kilikuwa kimeoza zamani, na shofere alikuwa ameshakibandua wakati bisi ingali inafanya kazi. Abiria anakaa saa mbili, tatu, hajali. Lakini mtu anayelala humo anakuwa chini ya manjanja matupu. Saa sita za mchana, jua likipiga, chuma kinawaka kama sufuria. Mvua ikinyesha, mama na mtoto hawasikilizani hata wakikaa bega kwa bega. Usiku inakuja baridi, maana Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari. Na alfajiri matone yanaanza kudondoka juu ya mablanketi, hata siku ambayo mvua haikunyesha.

Shofere alipanda juu mara tatu na silikoni kutafuta tundu. Hakuliona. Alimwaga ndoo za maji juu ya paa huku mtoto mkubwa akichungulia ndani. Hakuna kilichopita. Hata hivyo asubuhi mablanketi yalikuwa na maji.

Mke wake alimwomba aweke dari, plafo kama wengi wanavyosema hapa. Alikataa. "Papa, watoto wanalowa," mama alisema. Yeye akajibu: "Mtu haweki plafo ndani ya bisi ambayo kesho inaondoka."

Wengi waliokimbia vita wanalijua jibu hilo, hata kama hawajawahi kulala ndani ya bisi. Ni jibu la baba anayekataa kununua kitanda kwa sababu kitanda kiko nyumbani. Ni jibu la mama anayekataa kupanda hata mstari mmoja wa lengalenga nyuma ya kibanda, maana atakayezivuna si yeye. Kutengeneza mahali ni kama kusema kwa sauti kwamba hurudi. Basi mtu anaacha mahali hapo pabaya, na ubaya huo unamsaidia kuamini kwamba yuko njiani.

Mwisho shofere alikubali nusu. Alinunua vipande vya sponji ya magodoro ya zamani, akavibandika kwa gundi juu ya chuma, akavishika kwa shitingi. Ilikuwa kazi ya siku moja, ya mtu anayengoja kuondoka. Mwezi wa kwanza ilionekana nzuri. Mwezi wa pili ikaanza kunuka. Madoa meusi ya ukungu yakatokea kwenye mishono ya shitingi. Mtoto wa mwisho akaanza kukohoa usiku, na muuguzi wa kituo cha afya, kabla ya kuandika dawa, aliuliza: "Mtoto huyu analala wapi? Juu ya kichwa chake kuna nini?"

Siku hiyo mama alirudi, akapanda juu ya beseni, akang'oa kipande kimoja cha sponji mahali mtoto alipokuwa analala. Alikikamua mbele ya mume wake kama nguo iliyotoka kufuliwa. Maji ya rangi ya kutu yakamwagika. "Wiki mbili zako ni hizi," alisema.

Aliyesaidia ni fundi wa mbao, mzee aliyekimbia toka Masisi, ambaye wakati huo alikuwa anaishi kambi ya Bulengo na kuja Ndosho kutafuta kazi ndogondogo: mlango mmoja, kitanda kimoja. Mzee hakuanza na msumeno. Aliomba aletewe chupa ya maji iliyotoka kwenye frigo ya dukani, akaiweka juu ya benchi. Baada ya muda mfupi chupa ikajaa matone nje.

"Shofere, chupa hii imetoboka?"

"Hapana, Mzee."

"Basi na bisi yako haikutoboka. Maji hayo yanatoka kwenu."

Alieleza hivi. Watu sita wakilala usiku mzima ndani ya chumba kidogo, pumzi na jasho lao vinaweza kutoa lita moja ya maji, hata zaidi. Maji hayo yako ndani ya hewa, hayaonekani. Hewa hiyo ya joto ikigusa chuma baridi, inageuka matone. Sponji haikuyazuia, maana hewa inapita ndani yake mpaka kwenye chuma. Iliyanywa tu na kuyatunza, na chuma kikaanza kuliwa na kutu kwa siri. Dawa ni kuhakikisha kwamba hewa ya watu haikifikii chuma, na kwamba ina njia nyingine ya kutoka.

Kazi ilichukua siku nane. Kwanza sponji yote iliondolewa na bisi ikaachwa wazi kwenye jua siku mbili, hadi ikauka kabisa. Kutu ilisuguliwa kwa burashi ya waya, kisha ikapakwa rangi ya kuzuia kutu. Waya wa taa ya sola ulipitishwa wakati huo huo ndani ya bomba jembamba la plastiki, maana dari ikishafungwa hakuna tena kupitisha kitu.

Kisha wakaja kwenye mbavu, zile tao za chuma zinazoshika paa. Hapo mzee alikuwa mkali. Alisema ubao ukigusa ubavu moja kwa moja, baridi itafuata chuma hadi ndani, na matone yatajipanga kwenye mstari wa mbavu. Watoto walikata mpira wa ndani wa gurudumu la zamani kuwa vipande, na kila mahali ubao ulipokutana na chuma, kipande cha mpira kikawekwa katikati.

Katikati ya mbavu walijaza frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa televizyo na frigo. Mtoto mkubwa aliizunguka Birere kwenye maduka ya vyombo vya umeme, akiomba ile inayotupwa, akaijaza magunia manne. Ilikatwa kwa kisu na kusukumwa hadi ikabana juu ya chuma, na nafasi zote ndogo zikazibwa. Chini yake likatandazwa shitingi moja zima, upande wa watu, mishono yake ikifungwa kwa utepe mpana. Mzee aliwaonya pia kwamba frigoliti ikishika moto inatoa moshi mweusi wa sumu. Kwa hiyo haiachwi wazi hata kidogo, na mshumaa hauwashwi tena ndani ya bisi hiyo.

Mwisho ilikuwa tripleksi ya milimita 4, nyembamba, inayokubali kupinda na tao la paa. Kila ubao ulilowanishwa kidogo mgongoni, ukainuliwa na watu wawili, ukashikwa katikati kwa nguzo yenye kichwa cha ubao, kisha ukafungwa toka katikati kwenda pembeni.

Hapo kulikuwa na mabishano. Mzee alitaka misumari, maana ni rahisi na ya bei ndogo. Shofere alitaka vizi, kila mahali vizi. "Ninataka siku moja niibandue bila kuivunja," alisema. Mzee alimtazama kidogo, akaweka nyundo chini, akaomba tournevis. Naye alikuwa na nyumba Masisi.

Pesa iliishia kwenye mbao tano za tripleksi. Kila moja ina upana wa mita 1.22, kwa hiyo tano zilifunika mita sita hivi. Bisi ina karibu saba. Sehemu iliyobaki ni ile ya mbele, juu ya kiti cha shofere na usukani. Hapo chuma kilibaki wazi, na nyuma ya kiti likatundikwa pazia la shitingi ili hewa ya wanaolala isifike huko.

Jambo moja mzee hakukubali lijadiliwe: tundu la hewa lililo katikati ya paa. Baridi ya jioni ilipoanza, mama alitaka lifungwe na mbabula iingizwe ndani, angalau usiku wa mvua. Mzee alikataa kabisa. Makala inatoa hewa isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kizito, analala, haamki. Bisi ya zamani ilikuwa inapitisha upepo kila upande, na hata hivyo ilikuwa hatari. Bisi iliyozibwa vizuri na kuwekwa mbabula ndani ni kaburi. Tundu likawekewa fremu ya mbao, likaachwa wazi, na madirisha mawili, moja mbele na moja nyuma, hufunguliwa upana wa vidole viwili kila usiku. Mbabula hubaki nje chini ya mti wa avoka.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha wiki ile ile. Ndani ya bisi watu walisikilizana. Mtoto wa pili alisoma kitabu cha shule kwa sauti chini ya taa ya sola na wengine wakamsikia. Asubuhi mablanketi yalikuwa makavu. Baada ya miezi mitatu shofere alifungua vizi vya pembe moja kuangalia: frigoliti kavu, chuma kikavu, isipokuwa doa dogo la kutu mahali ambapo kipande cha mpira kilisahauliwa. Kikohozi cha mtoto kilipungua, ingawa hakikuisha siku moja.

Majirani walikuja kuangalia, na wale wanaoishi chini ya shitingi waliuliza yawahusu nini, wao wasio na bisi wala tripleksi. Jibu la mzee kwao lilikuwa fupi. Kitambaa au blanketi la pili linaweza kutundikwa ndani ya kibanda, ila lisiguse shitingi ya juu. Liachiwe nafasi ya mkono mmoja, ili matone yateremke pembeni. Tundu la hewa liwekwe juu, upande ambao mvua haitokei. Na mbabula ilale nje.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma, na mwezi wa pili kambi za kandokando ya mji zikavunjwa, watu wakiambiwa warudi kwao. Mzee alipita Ndosho na msumeno wake ukiwa umefungwa ndani ya gunia. Aliingia ndani ya bisi, akagonga dari kwa kidole sehemu mbili tatu, akaaga.

Shofere alipiga simu kijijini. Jirani alimwambia nyumba yake imesimama, lakini haina manjanja, na milango imechukuliwa. Usiku huo alikaa kwenye kiti cha usukani, chini ya ile sehemu isiyo na dari. Alihesabu kwa sauti: mbao tano za tripleksi, vizi vyote, mbao za kushikia, shitingi. Vingeingia ndani ya gari moja dogo, vingeanzisha kitu huko.

Mke wake alimwacha amalize kuhesabu. Kisha akasema mvua za mwezi wa tatu ziko karibu, na mtoto hatalala tena chini ya chuma kwa sababu ya nyumba isiyo na paa. Wangoje mwezi wa sita, mvua ikikatika, aende kwanza peke yake kuangalia.

Shofere hakubisha. Tournevis aliirudisha ndani ya kopo la maziwa, pamoja na bolti za viti, na kopo akalirudisha chini ya usukani.