Toka Saza Hadi Kitulo: Ua Lililodhaniwa Limekufa



Sisi wa Saza, mkoani Songwe, hatujui baridi ya kuua mmea. Nchi yetu ya dhahabu ni ya joto, na maua ya bogenvilia uani pa kanisa huchanua hata kiangazi. Marehemu shemeji yangu, aliyekuja kwetu kuchimba dhahabu, aliyapenda mno. Alipozikwa kwao Makete, dada aliniagiza nimpelekee miche miwili ya kupanda kaburini.

Niliichukua katika makopo wakati wa mvua. Nilipita Mkwajuni na Mbalizi, nikashika barabara kuu hadi Chimala. Hapo gari hupanda mlima kwa kona nyingi ambazo watu huziita Hamsini na Saba, mpaka Matamba. Juu zaidi ni uwanda wa Kitulo, karibu mita 2,600 juu ya bahari. Huitwa Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake, na tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa.

Mwezi wa Julai nilirudi kumtazama dada. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na miche yetu ilikuwa myeusi kana kwamba imepitiwa na moto. Kwa uchungu nikang'oa mmoja. Dada akasema, "Mdogo wangu, ungeuliza kwanza." Akakwaruza gome karibu na mizizi: ndani kulikuwa kijani kibichi. Niliona haya.

Mzee mmoja jirani alitueleza. Usiku usio na mawingu wala upepo, joto la ardhi hupotea angani, na hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka ikatulia bondeni. Maji yaliyomo katika majani yakiganda, huyaharibu. Basi mmea wa nchi ya joto upandwe mtelemkoni au karibu na ukuta. Ifikapo Mei, shina lirundikiwe nyasi kavu. Jioni ufunikwe kwa gunia juu ya vijiti, lisiguse majani, na asubuhi ufunuliwe. Maji yawe kidogo, mizizi isioze. Matawi yaliyoungua yasikatwe mpaka baridi ipite, kwa maana huyakinga yaliyo chini.

Kisha akaonyesha uwanda. "Hata maua ya pori yaitwayo okidi hujificha," alisema. "Hulala ardhini katika viazi vyake mpaka mvua." Nikakumbuka viazi vile vilivyochimbwa na kupitishwa Tunduma kwenda Zambia, kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Anayechimba ua lililolala huondoa na maua ya miaka ijayo.

Tuliufunika mche uliobaki, nikarudi Saza. Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, dada alinipigia simu akiwa kaburini. Machipukizi matatu yametoka chini ya shina. Akaniagiza mche mwingine, badala ya ule niliong'oa.