Kurudi Njiani Si Aibu

Watu wengi hudhani kwamba kupanda milima ni kazi ya vijana wenye nguvu, au ya matajiri waliokosa shughuli. Katika nchi ya Norwei, iliyo kaskazini ya Ulaya, sivyo mambo yalivyo. Huko, siku za mapumziko, baba na mama huwachukua watoto wao, na yule mdogo kabisa hubebwa mgongoni, huenda milimani kwa miguu, hula chakula chao juu ya jiwe, na jioni hurudi nyumbani. Desturi hiyo ina raha yake, tena ina mafunzo yake. Anayetaka kuyaona yote mawili mahali pamoja, na autazame mji mdogo wa Loen.

Loen umo katika wilaya ya Stryn, magharibi ya nchi. Mbele yake ni maji ya chumvi, maana hapo ndipo unapokoma mkono mmoja wa bahari uitwao Nordfjord. Mkono wa bahari wa namna hii Wanorwei huuita fjord. Ni bonde refu lililochimbwa na barafu zamani sana, kisha bahari ikaingia ndani yake, na milima ikabaki imesimama wima pande zote mbili. Nyuma ya mji kuna ziwa la maji matamu, jina lake Lovatnet, lenye urefu wa kama kilometa 11. Maji ya ziwa hili ni ya kijani, na sababu yake si ngumu kuelewa. Huko juu ya milima iko barafu kuu ya Jostedalsbreen, iliyo kubwa kuliko zote za bara la Ulaya, nayo imeenea zaidi ya kilometa za mraba 450. Barafu hiyo husogea polepole na kuisaga miamba iliyo chini yake, kama jiwe la kusagia lisagavyo nafaka. Unga wake mwembamba huchukuliwa na vijito mpaka ziwani, na mwanga wa jua ukiupiga, maji huonekana ya kijani.

Matembezi ya Loen ni ya namna nyingi, kila mtu kwa kadiri ya miguu yake. Iko barabara inayofuata kando ya ziwa hadi bonde la Kjenndal, na kutoka mwisho wake njia ya miguu ni fupi mpaka mahali ambapo ulimi wa barafu huonekana ukining'inia mlimani. Mtoto aliyeanza shule aweza kuitembea. Iko njia ya Bødalssetra, kwenye vibanda vya zamani vya wachungaji. Zamani wakulima wa bonde walipeleka ng'ombe na mbuzi wao huko juu wakati wa joto, wakakamua maziwa na kutengeneza siagi na jibini, ili majani ya chini yakatwe na kuwekwa akiba kwa majira ya baridi. Mfugaji yeyote ataifahamu hekima hiyo bila kufundishwa. Kwa wenye nguvu uko mlima wa Skåla, mita 1,848, ambao mtu huuanza karibu na usawa wa bahari. Juu yake umesimama mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1891 kwa shauri la daktari Kloumann, aliyekusudia wagonjwa wa kifua kikuu wapate hewa safi. Na tangu mwaka 2017 wazee na watoto wachanga nao wamepata njia yao: kibanda kinachovutwa kwa kamba za chuma huwapandisha mpaka mlima Hoven, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, kwa dakika chache tu.

Jambo moja litawapendeza wakulima. Sheria ya mwaka 1957 ilimpa kila mtu ruhusa ya kutembea katika nyika, misitu na milima, hata kama ardhi hiyo ina mwenyewe. Lakini sheria hiyo haikumsahau mwenye shamba. Penye mazao na majani ya kukatwa mtu haruhusiwi kupita ila wakati wa baridi, ardhi ikiwa imeganda au imefunikwa na theluji. Na uwanja wa nyumba ya mtu hauguswi kamwe. Anayepiga hema sharti akae mbali na nyumba ya watu, si chini ya mita 150. Basi mtoto anayetembea na wazazi wake hujifunza mapema kwamba haki na adabu ni mapacha. Hufunga lango alilolikuta limefungwa, hasumbui kondoo, na taka zake huzirudisha nyumbani mfukoni.

Kadhalika hujifunza kujitayarisha. Hali ya hewa ya nchi hiyo hugeuka upesi, na asubuhi ya jua yaweza kuwa adhuhuri ya mvua baridi. Kwa hiyo mfuko hutiwa fulana za sufu, koti la mvua, ramani, mkate na chupa ya kinywaji cha moto, hata kama safari ni ya saa mbili. Na mwendo hupimwa kwa mguu wa yule aliye mdogo. Mtoto akikokotwa leo, kesho atauchukia mlima; akiachwa aokote mawe na kurusha vijiti kijitoni, kesho ataomba mwenyewe kwenda.

Lakini uzuri wa Loen usimdanganye mtu. Kando ya ziwa umesimama mlima Ramnefjell, na ubavuni mwake huonekana kovu kubwa. Usiku wa tarehe 15 Januari, mwaka 1905, sehemu ya mwamba ilianguka na kufagia mawe mengi hadi ziwani. Maji yakainuka kama ukuta, yakavizoa vijiji vya Nesdal na Bødal, na watu 61 wakafa. Meli ndogo ya ziwani, iliyoitwa Lodalen, ilitupwa mbali nchi kavu. Waliosalia waliomboleza, kisha wakajenga tena, maana hapo ndipo palipokuwa na mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Tarehe 13 Septemba, mwaka 1936, alfajiri, watu wakiwa wamelala, mlima ukaanguka tena, kwa kishindo kikubwa kuliko cha kwanza. Wimbi lilipanda zaidi ya mita 70, na watu 74 wakapoteza maisha. Familia zinazokwenda Kjenndal kwa furaha hupita chini ya kovu hilo, na watoto huuliza lilitokea nini. Ni vizuri waambiwe ukweli.

Hata barafu yenyewe, ing'aayo kama kioo, ni ya kuogopwa. Mwezi wa Agosti, mwaka 2014, kwenye ulimi mwingine wa barafu hiyo ya Jostedalsbreen, uitwao Nigardsbreen, kipande kikubwa kilimeguka na kuwaua mume na mke waliokuja kutembea pamoja na watoto wao. Watoto waliokoka. Habari hiyo yatosha kumfundisha kila mzazi kwa nini mbao za onyo zimewekwa, na kwa nini kuitazama barafu kutoka mbali si woga.

Je, basi ingefaa watoto wakae nyumbani? Wanorwei wamechagua njia nyingine. Wakati wa sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1967 watu 18 walikufa milimani, na tangu hapo Chama cha Utalii cha nchi hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1868, na Msalaba Mwekundu walizidi kueneza kanuni za milimani. Kanuni hizo, zilizoandikwa upya mwaka 2016, ni tisa. Zinamtaka mtu apange safari na kuwaarifu wengine aendako, apime njia kwa uwezo wake, asikilize habari za hali ya hewa, achukue ramani, na mengineyo. Kanuni ya nane ndiyo inayojulikana kuliko zote, nayo yamtaka msafiri ageuke mapema, kwa kuwa kurudi njiani si aibu.

Maneno hayo ni mepesi kusomwa, lakini ni mazito kutendwa, hasa kwa baba. Amelipa gharama, amesafiri mbali, amewaahidi watoto kuwaonyesha barafu, na sasa mawingu yanashuka hali imebaki nusu saa tu. Mtoto wa mwisho anatetemeka. Moyo wake wamwambia, "Songa mbele, watu wanakutazama." Akisikiliza majivuno, aweza kufika salama mara kumi, na mara ya kumi na moja asirudi. Akigeuka, watoto watanung'unika kidogo, lakini watakuwa wameona kwa macho yao kwamba baba yao ana nguvu ya kujizuia. Somo hilo watalikumbuka kuliko barafu, na litawafaa katika mambo mengi yasiyo ya milima: katika deni, katika ugomvi, katika safari yoyote iliyoanza kuharibika.

Mlima hauendi popote. Mwakani utakuwa hapo hapo. Lakini majuto ni mjukuu, huja nyuma, na akija hapokei udhuru wa mtu aliyeona mawingu akaendelea.