Siku Tano Dar es Salaam: Tukae Mjini au Tutoke?

Kila mwaka jamaa nyingi za Kongo huteremka mpaka Dar es Salaam. Mmoja afuata mzigo wake bandarini, mwingine aenda kununua nguo na vyombo, mwingine ameitwa kwenye arusi ya ndugu. Baba akiweza, humchukua mama pamoja naye, na pengine mtoto mmoja au wawili. Kwani kwa watu wa kadiri, nauli ya safari ndefu namna hii hailipwi kila mwaka, na wengine huilipa mara moja tu maishani. Kazi ikiisha, zabaki siku nne au tano za kungoja makaratasi. Ndipo maneno huanza nyumbani mwa mwenyeji. Baba asema: «Tumefika pwani, basi tuone Bagamoyo, tuvuke Unguja, tupande treni mpya mpaka Morogoro.» Mama ajibu: «Baba watoto, mji wenyewe hatujauona, nawe wataka tuukimbie kila asubuhi?»

Shauri hili si dogo. Fedha zilizotumika vibaya zaweza kupatikana tena kwa jasho, lakini siku haipatikani tena. Kwa hiyo twapenda kulipima pamoja nanyi, ili atakayesafiri ajue la kuchagua kabla hajakata tikiti.

Mji mkubwa hujifunua polepole

Dar es Salaam ni mji mkubwa kweli kweli. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 5,300,000. Sultani Majid wa Unguja aliuanzisha katika miaka ya 1860. Wadachi wakaufanya makao ya serikali yao mwaka 1891. Na reli ya kutoka hapo ilipofika Kigoma mwaka 1914, mji huu ukawa mlango wa kutokea baharini kwa nchi zetu za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mgeni wa siku ya kwanza haoni mambo hayo. Aona joto, magari yaliyosongamana, na watu wasio na nafasi ya kumsalimu. Siku ya pili ajifunza kupanda yale mabasi yenye njia yao peke yao, yaliyoanza mwaka 2016, ambayo wenyeji huyaita mwendokasi. Siku ya tatu macho yafunguka. Basi yule atokaye mjini kila siku hubaki mgeni wa siku ya kwanza mpaka mwisho wa safari yake.

Na tujue ya kwamba mji huu umebeba mambo mengi ya kwetu. Wafanya biashara wa Kongo waijua sana Kariakoo. Lakini ni wangapi wajuao maana ya jina hilo? Ni jina la Kiingereza, «Carrier Corps», lililogeuzwa na midomo ya watu: kikosi cha wapagazi wa vita ya 1914-1918, ambao kambi yao ilikuwa mahali pale. Wapagazi wengi sana walikufa katika vita ile, kwa njaa na magonjwa kuliko kwa risasi. Si mbali na hapo, katikati ya mji, pamesimama tangu 1927 sanamu ya Askari mwenye bunduki. Wapagazi wanakumbukwa pia kwa jina la soko. Baba akiwaonyesha watoto wake mahali hapo pawili kwa asubuhi moja, amewafundisha jambo kubwa juu ya vita na juu ya nani hupewa heshima.

Karibu na soko hilo upo mtaa unaoitwa Lumumba, kwa heshima ya waziri wetu mkuu wa kwanza aliyeuawa Katanga mwezi wa Januari 1961. Katika mtaa huohuo chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Upo pia Kariakoo msikiti wa Manyema, unaotukumbusha watu waliotoka Maniema ya Kongo zamani za misafara, wakatua Ujiji, Tabora na pwani, wakazaa humo wana na wajukuu.

Tena iko Nyumba ya Makumbusho ya Taifa, penye fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka zaidi ya 1,700,000. Liko Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanzwa kujengwa mwaka 1897 na kwisha 1902, likitazama bandari. Kiko Kijiji cha Makumbusho katika barabara ya kwenda Bagamoyo, penye nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kama desturi yao. Watoto hukipenda sana. Na mwenye fedha kidogo apande pantoni ya Kigamboni. Kwa dakika chache na nauli ndogo sana atapata upepo wa bahari na kuuona mji wote kutoka majini. Kisha arudi kutazama samaki wakinadiwa sokoni pale Feri.

Pimeni saa za njiani

Twawapa kipimo kimoja chepesi. Kabla ya kutoka mjini, hesabuni saa mtakazokaa ndani ya chombo na kungoja, halafu hesabuni saa mtakazosimama mahali penyewe. Saa za njiani zikizidi, au hata zikilingana, heri kubaki. Kisha mjiulize: huko twendako patatuonyesha kitu ambacho mji hauna?

Tuanze na Unguja. Mashua ziendazo mbio huvuka kwa muda wa saa mbili hivi, na saa mbili tena kurudi. Ongezeni kuwahi bandarini mapema, na kuonyesha pasipoti mkifika, kwani Unguja hukagua wageni wake yenyewe. Za kutembea zabaki saa chache tu, nazo ni zile za jua la utosi. Mtapita mbio katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mtaliona kanisa la Waanglikana lililojengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na pengine nyumba ya Tippu Tip, ambaye jina lake wazee wa Maniema hawajalisahau. Mambo mazito namna hiyo hayatazamwi kwa kukimbia. Unguja si mahali pa kupita, ni mahali pa kulala. Mwenye fedha za malazi ya usiku mmoja au mbili na aende. Asiye nazo aingoje safari nyingine.

Morogoro je? Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 imeufanya mji huo uwe karibu: mwendo wa saa mbili hivi tu. Milima ya Uluguru ni mizuri, na hewa yake yapumzisha. Lakini sisi tuliolelewa kando ya milima ya Kivu hatuna upungufu wa milima. Kwa jamaa itokayo nchi ya tambarare, au yenye watoto wasiopata bado kupanda treni, siku hiyo haitakuwa hasara. Kwa wengine furaha yake itakuwa ni treni yenyewe.

Safari moja ya kutoka

Yabaki Bagamoyo, na hapa twakubaliana na baba. Ni kilomita 70 hivi upande wa kaskazini. Mkiondoka alfajiri kabla ya magari kusongamana, asubuhi mapema mtakuwa mmefika, nanyi mtakuwa na sehemu kubwa ya mchana kwa kutembea kwa miguu, kwani mji ni mdogo na mtulivu.

Bagamoyo ina kitu ambacho Dar es Salaam haina. Hapa ndipo ilipokwisha njia ya misafara iliyotoka Ujiji na kupita Tabora, mwendo wa kilomita zaidi ya elfu moja. Pembe za ndovu zilifika hapa juu ya mabega ya watu, na watumwa walifika wamefungwa. Ng'ambo ya ziwa njia hiyo iliendelea mpaka Kasongo na Nyangwe, na kwa njia hiyohiyo Kiswahili tunachosema leo kiliingia Kongo. Anayesimama pwani ya Bagamoyo asimama mwanzoni mwa lugha ya nyumba yake.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misioni yao hapo mwaka 1868, wakawakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Mnara wa kanisa lao la zamani ungali umesimama. Humo uliwekwa mwili wa Livingstone mwezi wa Februari 1874, baada ya Susi na Chuma na wenzao kuuchukua kwa muda wa miezi tisa hivi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wazazi, waambieni watoto habari hiyo mkiwa mmesimama hapo: ya kwamba watu wasio na amri ya mtu waliubeba mzigo ule mpaka baharini, kwa sababu waliona ni wajibu.

Mashauri ya mwisho

Basi mwenye siku tano na azigawe hivi: siku nne za mji na siku moja ya Bagamoyo. Siku ya kwanza msitoke; miili ingali imechoka kwa njia. Siku ya mwisho pia msitoke, kwani bahari na barabara hazijui saa ya basi lenu. Msitoke siku mnayongojea jibu la bandarini. Mkiwa na mzee au mtoto mchanga, yeye ndiye awe kipimo cha mwendo, si kijana mwenye miguu myepesi.

Wengine watasema ni aibu kufika pwani na kurudi bila kuiona Unguja. Twawajibu kwa maneno ya wazee: mtaka yote hukosa yote. Mkirudi nyumbani, majirani watawauliza mliyoyaona. Mwenye kutaja majina sita ya miji atanyamaza upesi. Yule aliyekaa akatazama atakuwa na maneno ya jioni nyingi, na watoto watamsogelea wamsikilize.

Safari njema, nanyi mrudi salama.