Nahodha Asiogope

Nikienda likizo Mbesa, wilayani Tunduru, mjomba hunitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye anayezuia meli." Simlaumu. Korosho za Tunduru hupakiwa Mtwara, na meli ikichelewa kila mkulima ana la kusema. Ila kazi ya afisa afya wa bandari inakaribia kuwa kinyume cha hayo.

Zamani ilikuwa kuzuia kweli. Mataifa yalipokutana Paris mwaka 1851 kujadili karantini, kila bandari ya Mediterania ilikuwa na masharti yake, na biashara ilikuwa inaumia. Kwetu karantini ilitengewa hadi kisiwa, Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar. Watu wanakiita Kisiwa cha Magereza, wakati kituo kile kilipokea wasafiri, si wafungwa.

Sasa tunafuata Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007. Zinasema meli isinyimwe ruhusa ya kushusha watu na mizigo kwa sababu za kiafya tu. Chanzo cha maambukizi kikionekana, naweza kuagiza ipuliziwe dawa au panya wauawe. Hata ile bendera ya njano, ambayo wengi huiogopa, siku hizi nahodha huipandisha kusema: meli yangu ni salama, naomba ruhusa.

Sababu ya kanuni kukataza kuzuia meli naiona kazini. Kabla ya kufika, nahodha hujaza tamko la afya: kuna aliyekufa safarini, mbali na ajali? Kuna mgonjwa? Nahodha anayehofia kuzuiliwa huandika "hapana" kila mstari, na baharia mwenye homa hufungiwa chumbani. Asiyehofia hutuambia mapema, gari la wagonjwa likasubiri gatini, na winchi zikaendelea kushusha.

Uviko-19 ulipoingia, nchi nyingi zilizokubali kanuni hizo ziliwafungia mabaharia milango. Mwishoni mwa 2020 walikuwa takriban 400,000 waliokwama melini, mikataba yao imekwisha na hakuna wa kuwapokea zamu. Kwa maoni yangu hasara ile hatujaimaliza, kwani baharia hasahau bandari iliyomkataa.

Kwa hiyo nikipanda meli yenye "hapana" tupu, cheti cha usafi, kile cha miezi sita, nakitazama haraka. Naenda jikoni, kwenye matangi ya maji, stoo kutafuta mavi ya panya. Kisha naomba orodha ya mabaharia, nawahesabu mmoja mmoja.