Kuchagua Lehemu: Somo Kutoka Redio Kuukuu

Katika mafunzo ya ufundi sisi walimu huelekea kumfundisha mwanafunzi namna ya kushika chombo kabla ya kumfundisha namna ya kuchagua kitu cha kutumia. Hapa Kikwe wapo wazee ambao wangali wakitunza redio za Philips zilizoundwa Arusha katika miaka ya 1970, zama za kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika vikundi vikundi kusikiliza masomo.

Mzee mmoja alituletea redio iliyokwisha kupita kwa fundi. Fundi huyo alikuwa ameiunga kwa dawa ya tindikali, ile itumiwayo kuungia mabati. Mabaki ya dawa yaliendelea kuila shaba hadi ikaota kutu ya kijani, na redio ikanyamaza. Sikutoa maelezo. Niliwapa wanafunzi vibao vibovu na aina mbili za lehemu, nikawauliza: ipi itaifaa redio hii, na kwa nini?

Mafundi wengi huiita lehemu "risasi", na jina hilo huficha kwamba ni mchanganyiko. Lehemu ya zamani, yenye bati sehemu 60 na risasi 40, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Moyoni mwake mna utomvu wa msonobari, usafishao shaba bila kuila. Lehemu ya bati, fedha na shaba, iliyoenea hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vyombo vingi vya umeme mwaka 2006, huhitaji nyuzi zipatazo 217. Wanafunzi walipoongeza moto, utepe wa shaba wa kibao kimoja ulibanduka mbele ya macho yao.

Ndipo binti mmoja akauliza: "Mwalimu, risasi si sumu? Mbona tuitumie?" Swali hilo lilikuwa ndilo somo lenyewe. Tulikubaliana kwamba redio kuukuu ipewe lehemu ya zama zake, madirisha yawe wazi, mtu asile kazini, anawe mikono, na mabaki yasifikiwe na watoto.

Redio ya mzee ilisema tena. Hata hivyo, kipimo changu cha somo kilikuwa kingine: kila mwanafunzi aweze kueleza alichokichagua, sababu yake, na gharama yake. Mikono hujifunza upesi. Hapana budi tuipe akili nafasi ya kuitangulia.