Manowari ya Msufi

Wapo watu wazima huko Marekani, wenye kazi zao na akili zao timamu, ambao huunda manowari ndogo, huziongoza kwa redio na kuzipiganisha bwawani. Kila meli ni sehemu moja ya 144 ya ile iliyopata kuwako kweli. Ubavu ni ubao mwembamba wa balsa, makusudi utoboke. Mizinga hurusha gololi za chuma kwa nguvu ya gesi. Tumboni mna pampu ya kutema maji. Pampu ikishindwa, meli huzama, na mwenyewe huiopoa, huiziba, akarudi vitani.

Nilipopata habari hizo, mimi karani wa parokia, usingizi ulinipaa. Nikachagua Königsberg, meli ya Wadachi iliyoangamia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Meta zake 115 zikawa sentimita 80. Balsa sina, nikachonga msufi. Redio niliing'oa katika gari bovu la kuchezea la mwanangu (naye hajanisamehe).

Chuo cha ualimu nilikipitia, lakini hesabu ilinitoroka. Urefu ukigawanywa kwa 144, uzito hugawanywa kwa 144 mara tatu. Meli ya tani 3,800 haitakiwi kupita kilo moja na robo, pampu na vyote ndani. Mimi nikaipakia betri ya pikipiki! Haikuelea hata dakika moja. Nikaanza upya kwa betri ndogo.

Gesi sina, basi watoto walisimama ukingoni wakaipiga kokoto kwa manati. Ubavu ukatoboka, pampu ikatema maji, tukashangilia. Ndipo Baba alipotokea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Meli gani hiyo?"

"Ni ile ya Rufiji, Baba."

Manati zikashuka zenyewe. Mizinga 10 ya meli ile ilitolewa mtoni ikapigania barani, na babu yake Baba alichukuliwa upagazi katika vita hiyo hiyo. Hakurudi, wala kaburi lake hatulijui.

Nilingoja kukemewa. Yeye akanyosha mkono nimpe kiongozeo, nikamwonyesha pa kubonyeza. Akaipeleka polepole mpaka katikati ya matete, isionekane tena.

"Ikae huko," akasema, akanirudishia, akaenda zake.

Niliifuata usiku, maji kiunoni, watoto walipokwisha kulala.