Faini na Mguu wa Dereva

Kila basi linapopinduka na kuua watu, hoja moja husikika vijiweni na redioni: adhabu ni ndogo mno. Faini ipandishwe, dereva afungwe, leseni ichukuliwe. Nami huisikiliza hoja hiyo kwa makini, maana kazi ya ualimu mkuu ilinifanya niishi na swali la adhabu kwa miaka mingi. Je, ukali wa adhabu humzuia mtu anayependa kukimbiza gari kupita kiasi?

Sisi wa Bonde la Kilombero tuna sababu ya kujiuliza. Zamani njia yenyewe ilikuwa ndiyo trafiki. Kutoka Kidatu hadi Ifakara kulikuwa na vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na dereva mwenye haraka alilazimika kupiga magoti mbele ya kila shimo. Sasa lami ya kilometa 66.9 imefika, nayo ilifunguliwa rasmi mwaka 2024. Tunaishukuru, kwani mgonjwa huwahi hospitali na mchele huwahi sokoni. Lakini lami hiyo hukatiza Mang'ula, Kisawasawa na Kiberege, na watoto huivuka kwenda shule.

Msafiri wa kutoka kwetu kwenda Morogoro, akishaipita Mikumi mjini, huingia hifadhini. Humo mwendo wa mwisho ni kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na kuna faini zilizotangazwa kwa atakayemgonga mnyama. Ya twiga ni dola 15,000 za Marekani. Ni dereva gani wa kuajiriwa awezaye kulipa fedha hizo? Hata hivyo wanyama wameendelea kugongwa. Nikiwa abiria nimeangalia mara nyingi: gari halipunguzi mwendo penye kibao, hupunguza penye tuta. Tuta halilali, halihongwi, halimjui mkubwa wala mdogo. Kibao huahidi adhabu kubwa ya kesho. Tuta hutoa adhabu ndogo ya sasa hivi, na ndilo linaloogopwa.

Jambo hili si geni kwa mwalimu. Nimewaona walimu wenye fimbo nene ambao wanafunzi wao waliruka ua kila Jumamosi. Nimemwona na mwingine ambaye hakumpiga mtu, ila aliita majina kila jioni, hata mvua inyeshe. Bweni lake lilikuwa limejaa siku zote. Mtoto hapimi unene wa fimbo. Hupima kama ataonekana. Mwitalia Cesare Beccaria aliliandika wazo hilo mwaka 1764: kinachozuia uovu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake.

Watasema faini ya shilingi 30,000 tuliyoizoea ni kidogo kwa mwenye basi. Ni kweli. Huko Finland faini ya mwendo wa kasi kupita kiasi hupimwa kwa kipato cha mtu, na mwaka 2023 tajiri Anders Wiklöf alitozwa euro 121,000 kwa kwenda kilometa 82 kwa saa mahali pa 50. Utaratibu huo una haki ndani yake, kwa kuwa tajiri na maskini huumia sawasawa. Lakini bwana huyo alikwisha kutozwa faini kubwa za namna hiyo mwaka 2013 na tena mwaka 2018.

Kwetu trafiki hukaa na tochi, na madereva wanaopishana huwashiana taa kuonyana. Mwendo hupungua kwa kilometa mbili, kisha mguu hurudi ulipokuwa. Faini ikipandishwa pasipo uhakika wa kukamatwa, kinachopanda ni bei ya kumalizana palepale. Afadhali vifaa vya kufuatilia mwendo ambavyo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini huvitumia kwenye mabasi, maana kifaa hakiwashiwi taa.

Yuko na shahidi mwingine asiyekosekana safarini, naye ni abiria. Nchini Kenya, wataalamu James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011 yalionyesha kwamba madai ya bima katika magari hayo yalipungua kwa nusu au zaidi. Hakuna faini iliyoongezwa. Watu walipewa ruhusa ya kusema tu.

Lakini sisi ndio tunaolisifu basi linalowahi na kulikimbia linalochelewa. Mama mmoja akilalamika, konda humwambia ashuke kama anaogopa, nasi wengine hutazama dirishani. Baadaye, tukiwa msibani, tunasema ajali haina kinga.

Sipingi adhabu kali. Aliyeua kwa uzembe na afungwe, na anayerudia asiguse tena usukani. Adhabu ya namna hiyo humlipia marehemu, haimrudishi. Kinachomwokoa aliye hai ni kile kinachomfikia dereva kabla ya kona: tuta, kifaa, na sauti za watu arobaini walioketi nyuma yake, wakisema kwa pamoja, "Dereva, punguza mwendo."